Upande Uliotazama Nyumba

Mchuuzi wa Tunduma alisahau jani moja kwenye kikonyo cha epo. Nikalichana, na ile harufu chungu ya ubichi ikanipeleka Ileje, chini ya mti wa bibi. Kijijini hapakuwa na mwingine wa aina ile. Epo zake zilikuwa ndogo, chachu, na bibi alizipondea kwenye uji wa wagonjwa.

Mti ulikuwa umepitisha misimu miwili bila kuzaa. Baba akaegemeza shoka kwenye shina. "Mama, safari hii mti huu usipochanua, napanda kahawa."

Basi tukaunyonyoa majani yote kwa mikono, maana kule kwetu epo haichanui mpaka ivuliwe majani kwanza. Bibi alichukua upande wa bondeni, mimi upande wa nyumba.

"Vuta jani kwenda juu, mjukuu wangu. Ukivuta kwenda chini unang'oa na jicho la ua."

Mikono ikachoka. Bibi alipogeuka, nikakwanyua kwenda chini.

Wiki tatu nzima kila asubuhi nilitazama shoka kabla ya matawi. Kisha upande wa bondeni ukajaa maua. Wangu ukabaki vijiti vitupu.

Baba akashika tawi. "Huku nani kanyonyoa?"

Mkojo ukanibana.

"Mimi," bibi akasema. "Macho yangu siku hizi, mwanangu."

Baba akaondoa shoka. Lakini bibi hakuruhusiwa kuugusa tena ule mti. Kila msimu aliwekewa kigoda pembeni, akanitazama nikinyonyoa mimi, kwenda juu.