Uso Niliouazima Mtoni

Walisema sitaweza, tena hawakunisema pembeni. Mjomba wangu wa kijiji cha Mbingu alisimama katikati ya watu siku ya kumaliza mavuno ya mpunga, akanyoosha kidole. "Mwangalieni huyu! Mwanamume mzima anakwenda shule kusomea matope. Atarudi na diploma ya vyungu!" Watu walicheka mpaka pombe ikamwagika. Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake.

Leo diploma hiyo ipo sebuleni kwangu Ifakara, ina muhuri wa chuo cha Ulaya, nami nimeitundika mkabala na mlango ili anayeingia asiweze kuikwepa. Nalitaja hili mapema ujue kwamba anayekusimulia si mtu wa kuokota maneno vijiweni. Yaliyonipata yalinipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Usiponiamini, sitakulaumu. Mimi mwenyewe ningependa nisiamini.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo nililelewa na dada yake, mama mkubwa, aliyekuwa mfinyanzi. Picha ya mama haikuwepo, nani angempiga picha mwanamke wa bonde enzi zile? Lakini mama mkubwa alikuwa naye kichwani. Akisugua chungu kwa kokoto ya mtoni, alinisimulia: mdogo wangu alikuwa na kidevu hivi, akicheka jicho moja hutangulia kufumba. Nilikua nikimsikia mama, sikuwahi kumwona.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, ya bweni, nje kidogo ya mji wa Ifakara, na ilikuwa na chumba cha kujifunza sanamu. Hapakuwa na kukaa na kusikiliza. Bruda aliyetufundisha alikutupia bonge la udongo kabla hujamaliza kumsalimia. Tulikanda, tulijenga, tulibomoa, mikono ikapasuka kama nyayo.

Mimi sikuwa na kitu, na hapo ndipo neno moja lilipozoea mdomo wangu: niazime. Niazime patasi. Niazime sabuni. Niazime shati, leo tunakaguliwa. Wenzangu wakanibatiza jina hilo. "Niazime, njoo ule!" Halafu mmoja anadakia, "Kijiko anacho, au tumwazime?" Nilicheka nao. Sikuona aibu, kwa sababu kila nilichoazima nilirudisha, kikiwa safi kuliko nilivyokipokea. Hiyo ilikuwa fahari yangu.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alitakiwa kufinyanga kichwa cha mtu. Atakayeshindwa angeondolewa darasani na kurudi kwao, atakayefanya vizuri angetafutiwa nafasi ya chuo. Na mimi, mtoto niliyekulia kwenye vyungu, kila kichwa nilichotengeneza kilikuwa chungu. Mashavu ya mviringo, shingo ya mtungi. Bruda alikizunguka cha mwisho, akakigonga kwa kidole.

"Hiki unaweza kupikia maharage," alisema. "Ila usisahau kukiondolea masikio."

Darasa lilivunjika mbavu. Mimi nilimwona mjomba akinisubiri Mbingu.

Kesho yake, jua likiwa utosini, nilichukua gunia nikashuka mtoni peke yangu kutafuta udongo laini zaidi. Nilifuata kijia kilichomezwa na matete, nikatokea kwenye shimo la zamani la wafinyanzi, limebomoka upande mmoja. Mama mmoja alikuwa ameketi ukingoni, miguu ndani ya matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchota?"

"Nimekuja kuchota, mama."

"Chota. Wa chini ndio mzuri."

Kanga yake ilikuwa imelowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Nililiona hilo, niamini, nikalipita. Mtu mwenye shida huona anachokitaka tu, na mimi nilikuwa nimeuona uso wake. Ulikuwa uso ambao mkono unautaka. Kabla sijafikiri, mdomo ukatoa neno lake la kila siku.

"Mama, niazime uso wako."

Nilikuwa na maana akae tu, nimtazame nikifinyanga. Yeye hakucheka.

"Utaurudisha?"

"Mama, muulize yeyote pale shuleni. Mimi hurudisha kila kitu."

"Haya. Ila usikawie nao. Bila huo, nyumbani hawatanijua."

Nilidhani ni utani wa kikubwa. Nikapiga magoti, nikaanza kazi. Sijui nilikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba vidole vyangu havikukosea hata mara moja, kidevu kilikuja chenyewe, midomo ikaja yenyewe. Nilipomaliza niliinua macho nimshukuru.

Nitakuelezaje? Kanga niliiona. Mikono niliiona, hata sikio lenye tundu la kipuli. Lakini uso sikuweza kuuona. Haukuwa umekatwa wala kufunikwa. Ulikuwa kama jina unalolijua na likagoma kukujia. Nilitazama, nikatazama tena, macho yakawa yanateleza.

"Nenda, mwanangu," sauti ilisema. "Udongo utakauka."

Nilikimbia. Lakini kichwa kile sikukitupa, nilikikumbatia ndani ya gunia bichi. Je, wewe ungekitupa, nafasi ya chuo ikiwa humo ndani?

Bruda alipokiona alivua kofia. Kikaingia tanuri, kikatoka bila ufa. Wakaguzi wakaja, wakanong'onezana, wakakifungia kwenye sanduku lenye maranda na kukipeleka Ulaya kwenye maonyesho. Mimi nikapata nafasi. Nilirudi shimoni mara kadhaa, na zawadi ya chumvi mkononi. Nilikuta matete tu.

Likizo nilipofika Mbingu nikitembea kifua mbele, nilimkuta mama mkubwa ameketi na chungu ambacho hakijasuguliwa.

"Mwanangu, nimempoteza mdogo wangu," alisema.

"Mama, si alifariki zamani?"

"Alifariki, lakini nilikuwa naye. Nikifumba macho namwona. Sasa namwona anakuja, amevaa kanga yake, nasema huyu hapa, nikimtazama, uso hana."

Nilimgeukia mjomba, ambaye ni kaka yao, nikitumaini atatania. Hakutania. "Hata mimi," alisema. "Nilifikiri ni uzee."

Ndipo nilipouliza jambo ambalo sikuwahi kuuliza. Mama alifia wapi? Mama mkubwa akanieleza kwamba zamani, kabla ya kuhamia Mbingu, waliishi upande wa Ifakara, karibu na mto. Walikuwa na shimo lao la udongo. Siku moja mama alikuwa anachimba chini, ukingo ukamwangukia.

Niliwaambia kila kitu. Mama mkubwa hakunigombeza. Aliuliza tu, "Alikuwa amekonda?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Mikono yangu ndiyo iliyoufinyanga uso ule, na hata mimi nilikuwa sinao tena. Nilijaribu kuufinyanga upya pale pale, kwa udongo wa mama mkubwa. Ulitoka laini, mviringo, tupu. Chungu.

Baadaye nilikwenda Ulaya kusoma, na nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ipo ukutani. Ya pili, kukitafuta kile kichwa, ilinizungusha nyumba za makumbusho mpaka nikapata ile iliyopokea sanamu za shule za kwetu. Wakanionyesha kabati la vioo, limejaa vichwa vya udongo vya wanawake, bila majina. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kufunga. Kimojawapo kilikuwa changu. Sikukijua.

Mama mkubwa alikuwa mgonjwa niliporudi. Padri alikuwa ameshampaka mafuta. Aliniita karibu. "Nikifika huko, nitamjuaje?" Nikamwambia, "Yeye atakujua wewe, mama." Alinishika mkono, lakini niliona hakuridhika.

Nimefinyanga vichwa vingi tangu wakati huo, na watu hunisifu. Vya wanawake sifinyangi. Nawe unayesoma, neno hili "niazime" ni jepesi sana mdomoni. Kabla hujalisema, mtazame vizuri usoni yule unayemwomba, na ujue ni nani.

Baada ya mazishi ya mama mkubwa nilizunguka kurudisha vyote nilivyokuwa nimeazima kwa safari ya Ulaya. Patasi nilimpelekea Bruda, imenolewa. Shati nililipa kwa shati jipya. Aliyeniazima blanketi alikuwa amehamia kijiji cha Kisawasawa, nikamfuata huko huko. Jioni nilifika kwa mjomba kumrudishia sanduku lake la bati nililosafiria. Alilipokea, akalipangusa vumbi.

"Kumbe uliweza, msomi wa matope," alisema. "Umewarudishia wote?"

"Wote, mjomba."

Aliendelea kulipangusa sanduku ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Na dada yangu?"