Maembe ya Chumba cha Mjomba

Juzi jirani yangu hapa Yoba, Gitega, aliniomba chumba changu cha nyuma akaushie rojo la maembe, kwa kuwa jua halikiingii. Nikampa. Tangu siku hiyo, rafiki yangu, silali vizuri. Harufu ile imenirudisha Giteranyi, kule Muyinga, kwa bibi aliyenilea.

Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, mjomba wangu. Utotoni mwake, giza likianza kuingia alikuwa haoni, anajikwaa kwa mbuzi uani. Muuguzi wa zahanati alimwambia bibi ampe maembe, maana ile rangi yake ndiyo inayosaidia macho, na akitaka kuyakausha, ayakinge na jua. Basi bibi akawa anaponda maembe, anachuja, anapaka rojo jembamba juu ya majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni. Aliyapanga chumbani kwa mjomba, dirisha limezibwa kwa gunia, makaa yamefunikwa majivu kwenye kona.

Wakati wa vita mjomba alivukia Tanzania, akapotea. Bibi hakuacha. Majirani walioanika yao juani na kumaliza upesi walimtania, naye aliwajibu vilevile kila msimu: "Jua inakula rangi. Mwanangu akirudi atakuta nini?"

Sisi watoto tulipewa vipande vya kingo. Vya katikati, vyenye rangi kali kama kiini cha yai la kienyeji, viliwekwa mtungini kumsubiri. Chumba kile nilikiogopa. Nikitumwa kugeuza maembe nilibisha hodi kwanza, na bibi hakuwahi kunicheka.

Msimu mmoja, rojo likiwa bado bichi chumbani, mchuuzi wa baiskeli alikuja na habari kutoka ng'ambo ya mpaka. Mjomba alikuwa amezikwa huko tangu mimi nabebwa mgongoni. Miaka yote ile tulikuwa tunamkaushia marehemu.

Bibi hakulia mbele yetu. Alilitoa gunia dirishani, akayabeba majani moja moja, akayatandaza uani, jua la saa sita. Kwa woga nikamkumbusha habari ya rangi.

"Wacha ikule," akasema.

Siku hizi bibi hayupo, na nyumba ile imebaki msingi tu. Lakini msimu ule tuligawiwa vya katikati kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vimepauka, na bado vilikuwa vitamu. Tukaomba tuongezewe.