Msiba wa Baba Mkubwa Tekbir Wiki ya Dashain

Baba mkubwa Tekbir hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililotuponza. Mwongo mzoefu angechagua uongo mdogo.

Miaka thelathini na mmoja alilinda mlango wa ghala kule Delhi. Kila mwaka mvua zikikatika alirudi kijijini kwetu Syangja kula sikukuu ya Dashain, amebeba sari, viatu vya watoto na noti mpya zilizonyooka. Sikukuu ikiisha alirudi lindoni mfuko mweupe. "Mungu wetu Mama Durga alipigana na jitu la nyati siku tisa, ya kumi akashinda," alizoea kutuambia. "Mimi napigana na bei mwaka wa thelathini huu, na sijashinda hata mara moja."

Ni kaka wa baba mkwe wangu, na tangu mkubwa wao afariki mwaka juzi, yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Siku ya kumi ya Dashain wadogo wote hupanga foleni mbele ya mkubwa. Huwabandika tika kwenye paji la uso, mchele uliokorogwa kwa mtindi na rangi nyekundu, akawachomeka majani machanga ya shayiri sikioni, akawabariki, kisha akampa kila mmoja noti. Sisi ni nyumba kumi na mbili, watu hamsini na ushee. Hapo hujanunua mbuzi, na bei ya mbuzi siku hizi ukiisikia unarudi nyumbani kula dengu kwa hasira.

Siku ya sita alikuja uani kwangu, kofia mkononi.

"Jhuma, mwanangu, nimepigiwa simu. Ranabir wa Assam hatunaye tena."

Ranabir ni binamu yake aliyehama miaka arobaini iliyopita. Mimi hata sura yake siijui. Lakini ni damu ya ukoo, na akifa mtu wa ukoo nyumba zote hukaa msiba siku kumi na tatu. Hakuna tika, hakuna nyama, hakuna bembea za sikukuu. Baba mkubwa alikuwa amefikiria mlango wake tu. Ile kumi na mmoja mingine ilimtoka kichwani kabisa.

Nami ndani nilikuwa na mume. Purna alifika jana yake kutoka Qatar, baada ya miaka minne, kwa likizo ya siku kumi na tano aliyoiomba kwa ajili ya tika hiyo.

"Miaka arobaini yote," nikafoka, Mungu anisamehe, "huyo mzee hakuona wiki nyingine ya kufa?"

"Jhuma! Marehemu huyo!" Purna akanikemea, huku akihesabu kwa vidole siku za likizo yake.

Kesho yake nikaitoa ile shayiri niliyoiotesha gizani tangu siku ya kwanza, nikashuka nayo mtoni kuitupa. Nyumba yenye msiba haikai nayo. Katikati ya njia nikasikia mtu anahema nyuma yangu.

"Usitupe! Rudisha, mwanangu!"

"Baba, si tuna msiba?"

Akaketi juu ya jiwe. "Hakufa mtu. Mfuko wangu ndio uliokufa. Sina hata rupia kumi za kumpa mtoto. Nikaona heri nionekane mfiwa kuliko fukara."

Nilitaka kumrushia shayiri usoni, kweli kabisa. Halafu nikaiona kola ya shati lake la ulinzi, aliyoigeuza na kuishona upya kwa mkono, hasira yote ikaniisha.

"Na Ranabir akisikia umemzika?"

"Atadai rambirambi. Nazo sina."

Habari zikaenea siku ile ile, na ukoo ukamtania siku tatu mfululizo. Siku ya kumi ilipofika, hakutaka kukaa kwenye mkeka wa mkubwa. Akaenda zizini, anajifanya anakatia nyati majani. Purna akamfuata, nami nyuma.

"Subiri mwakani, mwanangu. Nitakubandika tika ya miaka yote uliyokosa, na noti juu yake."

"Mwakani sina likizo, baba. Wala mwaka unaofuata. Nibandike leo."

Basi akaja, akaketi. Akambandika tika, akamchomeka shayiri, akasoma baraka mpaka mwisho. Kisha mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea, ukatoka mtupu. Purna akaushika, akauweka juu ya kichwa chake, akainama chini yake. Nyuma yake watu hamsini walikuwa kwenye foleni, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.