Swali la Mara ya Pili

Nyumbani kwetu Mtoni, kuulizwa jambo mara ya pili kulikuwa na maana moja tu: ulikosea mara ya kwanza. Baba hakuwa mtu wa kusema umekosea. Alirudia swali taratibu, nawe ukabadili jibu upesi, maana swali la tatu lilikuja na kofi. Shuleni nako mwalimu alifanya vivyo hivyo.

Baba alikuwa seremala, tena balozi wa nyumba kumi. Mafuta ya taa yalipoadimika, mgao wa nyumba zetu uligawiwa barazani kwetu, na mpimaji nilikuwa mimi, mtoto wa darasa la tatu. Watu walileta chupa ndefu, vibuyu na madumu. Kila nyumba kopo moja. Aliyenung'unika kwamba chupa ya jirani imejaa zaidi nilimwambia chupa ya jirani ni nyembamba, kopo ni lile lile. Baba alitamba mbele za watu kwamba mwanawe hadanganywi na chupa. Nami kichwa kilinivimba, sikatai.

Ndipo akaja dada mmoja wa chuo kikuu, mtafiti, akitaka kujua watoto wa huku kwetu wanafikirije. Baba akatukusanya barazani, wazazi wakasimama nyuma yetu kutazama, na mtoto wa balozi nikatangulizwa. Dada akatia maji kwenye bilauri mbili zinazofanana, akaniuliza kama yako sawa. Nikajibu yako sawa. Kisha akaimimina bilauri moja kwenye chupa nyembamba, nikiona kwa macho yangu.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Yako sawa?"

Nilijua. Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo. Lakini swali lilikuwa lile lile, sauti ile ile ya upole, na nyuma yangu baba akakohoa. Nikasema ya kwenye chupa ni mengi.

Watu wakacheka kidogo, dada akaandika. Baba, maskini, akataka kuniokoa.

"Muulize tena, ndugu mtafiti," akasema.

Mara ya tatu hiyo. Nikainamisha shingo kusubiri kofi, nikasema basi ya kwenye bilauri ndiyo mengi.

Hapo baraza zima likaangua kicheko. Mama mmoja jirani akauliza, "Kumbe huyu ndiye anayetupimiaga mafuta?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, si kwa sababu ya kicheko, bali kwa jinsi baba alivyokuwa anaangalia miguu yake.

Mgao uliofuata, kopo alishika mdogo wangu. Alimwaga ovyo, akajaza zaidi chupa za aliowapenda, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilikaa ndani nikinusa mafuta. Baba hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Aliacha tu kunitaja mbele za watu.

Baadaye nikaenda chuo cha ualimu. Siku moja mkufunzi wa saikolojia akatueleza kwamba jaribio laweza kupima kitu kingine kabisa, si kile kilichokusudiwa. Ukimuuliza mtoto swali moja mara mbili, alisema, huenda umepima adabu yake, wala si akili yake. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa, nikaenda kulia nyuma ya bweni.

Likizo ilipofika sikungoja hata chai. Nilimkuta baba uani anapiga randa ubao, nikamwamkia, nikamweleza yote: bilauri, chupa, kikohozi chake, na kwamba siku ile nilijua jibu tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka randa chini.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, baba."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetaka sana kuamini.

"Ulijua?"

Mtu mzima mimi, karibu nipewe cheti. Shingo ikainama yenyewe.

"Labda sikujua, baba," nikasema.