Riwaya Niliyomsomea Baba

Baba yangu haoni. Presha ya macho ililipofua jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata, na kilichobaki kikali ni mdomo. Alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za huku Muleba mpaka akastaafu. Jioni nikishatoka shambani na kunawa, nakaa naye barazani namsomea kitabu, naye anakisulubu. Vitabu naazima kwa rafiki yangu wa Kibeta, mwalimu wa sekondari, ninapokwenda Bukoba kuuza ndizi. Ananipa vipya vipya kwa sharti moja, nirudi kumweleza mzee amesema nini.

Mwaka huu tulianza na riwaya ya mapenzi, ya nesi na daktari. Baba alivumilia sura tatu. "Huyu daktari hana wagonjwa," akasema. "Hospitali nzima wamepona ili yeye apate nafasi ya kushikwa mkono." Nilicheka mpaka nikaweka kitabu chini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimechoka na huyo nesi. Analia kila ukurasa, na mwandishi anataka tumsifu kwa kulia.

Ikafuata diwani ya mashairi, yote kuhusu ziwa. Ziwa limelala, ziwa linatabasamu, ziwa linamkumbuka mpenzi wake. Ukitoka Kemondo na kapu la dagaa mapajani ndani ya basi, unajua ziwa lina harufu, lakini mshairi huyu pua hana. Baba aliuliza ziwa limelala na nani. Humo humo lakini mlikuwa na shairi moja fupi, la mama anayeosha sahani ya mtoto wake aliyekwisha kufa. Nilishindwa kumalizia ubeti. Baba akasubiri nikohoe, kisha akasema sahani moja haioshwi kwa beti nne. Siku hiyo nilitamani kumwacha hapo barazani mbu wamle.

Kitabu cha tatu kilijidai kuwa riwaya ya Bukoba. Mwandishi, kwa ninavyomwona, alipita mjini mara moja akiwa amelala garini. Mhusika wake anaokota senene, wale panzi wa kuliwa wanaokuja na mvua za Novemba, mwezi Julai, kiangazi, vumbi hadi puani. "Senene wa Julai!" baba akapiga kelele, jirani akachungulia akidhani mzee ameanguka. Akakataa kusikia neno lingine. Alisema mtu akidanganya juu ya chakula, hata mapenzi yake ni ya uongo.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Mtu huyu nyumbani ni bubu kwa mambo yanayotuhusu, lakini mbele ya kitabu hawezi kuficha kitu.

Nami nilikuwa na swali. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani nikakuta kibanja kimeoza. Kibanja kwetu Wahaya ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na ndimo wanamozikwa wazee wa ukoo. Nilikata migomba iliyopigwa na mnyauko, nikang'oa visiki, nikapanda upya, nikatandaza nyasi. Mikono yangu sasa haifai kuonyeshwa mbele za watu. Lakini anayerithi kibanja ni musika, mtoto wa kiume anayeshika nafasi ya baba, na kaka yangu yuko Dar es Salaam. Alipokuja mara ya mwisho hakuweza kutofautisha ndizi ya kupika na ya pombe, na mkewe alitembea uani ameziba pua. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Baba akifa, nitabaki hapa au nitafukuzwa? Binti hamuulizi baba yake swali hilo, maana ni kama kumhesabia siku.

Kwa hiyo swali nikaligeuza riwaya. Niliiandika kwenye simu, jikoni, ndizi zikichemka, na mjini wakanichapia. Ina mzee na binti yake aliyeachika, na shamba linalofufuka polepole. Sura ya mwisho mzee anawaita wakubwa wa ukoo, anawapa kahawa za kutafuna, anawatangazia kwamba kibanja ni cha binti, kwa sababu ndiye aliyekilima.

Nilimwambia baba ni kazi ya mwandishi mpya asiyejulikana. Nikaanza kusoma.

Alinyamaza. Baba hanyamazi kwenye kitabu, lakini alinyamaza. Siku ya pili alicheka mahali ambapo mzee anagombana na kuku. Siku ya tatu binti alikuwa anachimba kisiki mvuani, na baba akasema kwa sauti ya chini, "Huyu anajua jembe." Sijawahi kusifiwa hivyo na mtu yeyote, mume wala mchungaji. Nilisoma kwa madaha. Nilijiona tayari nimeketi barazani kwangu.

Nikafika sura ya mwisho, nikaisoma yote, nikafunga.

Baba alitafuna kahawa zake.

"Ameandika vizuri," akasema. "Ila mwisho ni senene wa Julai."

"Kwa nini, Tata?"

"Mhaya gani anafanya hivyo? Mzee awaite wakubwa wa ukoo awaambie anampa mwisiki, mtoto wa kike, kibanja? Waondoke wakimcheka mpaka barabarani?"

"Lakini binti ndiye aliyelima."

"Kulima ni kulima. Hata kibarua analima."

"Wewe ungemalizaje?"

"Mzee afe. Kijana arudi kutoka Dar, azike, ashike pake."

"Na binti?"

"Angekuwa mwandishi mwenye akili, angemwondoa mapema, baba yake akingali hai. Atafute chumba Bukoba. Isije ikawa wifi yake anamtolea virago kwenye matanga, watu wakiangalia." Akatema ganda la kahawa. "Mwambie hivyo huyo mwandishi. Usinitajie jina. Namjua tangu anazaliwa."

Nilimchukia. Niseme wazi, nilimchukia kuanzia kofia hadi kandambili. Kama angenitukana nisingeumia hivyo, lakini alinihurumia, na huruma yake yote ikaishia kwenye chumba cha kupanga. Nikaingia ndani kumpikia, kwa sababu hakuna mwingine wa kumpikia.

Sijaondoka. Asubuhi nashika jembe, jioni nashika kitabu. Rafiki yangu wa Kibeta ametupatia riwaya ya upelelezi, nzuri kweli, ya kwanza mwaka huu ambayo baba hajaitukana. Ameinama mbele kwenye kiti, anakisia muuaji, anakosea, anakisia tena. Nilipofika sura ya mwisho nilifunga kitabu nikasimama. Nimeimaliza peke yangu jikoni, na muuaji si yule anayemdhani.

Kila jioni ananiuliza iliishaje. Namwambia amsubiri mwanawe wa Dar, aje amsomee.