Kiota cha Tetere Kwenye Mkorosho wa Mama

Nilikua na manati shingoni. Tetere wengi, njiwa wadogo wa kijijini kwetu Mkunya, waliishia kwenye chungu cha mama yangu, na hakuna aliyenilaumu. Kwa hiyo mama alicheka sana nilipofika kutoka Masasi na binti yangu wa miaka saba, nikamwambia tumekuja kutazama ndege.

"Kuwatazama tu? Halafu?"

"Halafu tunarudi nyumbani, mama."

Alimwangalia mjukuu wake kwa huruma, kama mtoto aliyeambiwa ale kwa macho.

Tangu hapo tulikuja kila wiki, na kila Jumamosi tuliingia shambani alfajiri. Nilimfundisha kukwepa majani makavu, kunyamaza, kusubiri. Kusubiri kwenyewe sikuwezi. Yeye ndiye aliyenivuta shati nilipoanza kuguna. Na yeye ndiye aliyekiona kiota cha tetere: vijiti vichache vilivyopangwa ovyo kwenye panda ya mkorosho, na makinda mawili yenye vinyoya vya njano. Viota nimeviona vingi maishani, lakini sikuwahi kukaa mbele ya kimoja bila kupanga kitoweo. Siku ile nilifurahi mno.

Jumamosi iliyofuata maua ya mikorosho yalikuwa yamechanua, na mama alishanunua salfa. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga huyapaka maua unga mweupe, yakakauka, na korosho hupati. Tunapulizia alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili vumbi lishike. Kila mwaka kazi hiyo ni yangu. Nilipobeba mashine mgongoni, binti yangu alikwenda akasimama chini ya mkorosho wenye kiota.

"Baba, watakohoa."

Nilimwambia asogee. Hakusogea. Nikamkaripia, lakini alibaki palepale, kimya, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Mama alikuja akijifunga khanga. "Huo uache," akaniambia. "Na wa pembeni yake, maana vumbi linasafiri."

"Mama, huo ndio unaozaa kuliko yote."

"Najua. Niliupanda mimi."

Nikairuka yote miwili. Maua ya ule mkubwa wenye kiota yalipauka, kisha yakawa meusi, nami roho iliniuma kila nilipoupita. Makinda yakaota manyoya, na Jumamosi moja tukakuta kiota kitupu. Binti yangu alikimbia hadi jikoni.

"Shikamoo bibi. Wameruka."

"Marahaba. Niliwaona jana. Wa kwanza hakusumbua. Huyu wa pili alinikalisha pale mpaka uji ukaungua."

Msimu wa kuokota korosho ulipofika, jirani alimuuliza mama mbona ule mkorosho mkubwa hauna kitu mwaka huu. Mama alikuwa ameinama anaokota, wala hakuinua kichwa.

"Ule ni wa mjukuu wangu," alisema. "Ulishavunwa."