Siku Niliyoitika Mlimani

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kule Musonoi, mtaa wetu wa migodini, mama yangu alikuwa akikung'uta shuka lake alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, ili wasione kilichodondoka. Yalidondoka magamba meupe, mepesi, mengi. Alikuwa nayo viwikoni, magotini, na nyuma ya masikio hadi ndani ya nywele. Ukiyabandua, damu ilichomoza vidoa vidoa. Bombani wanawake walivuta madumu yao kando alipofika. Hawakumtukana, walivuta madumu tu, nami niliyemshika mkono niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Tulimpaka mawese, tukampaka udongo wa kichuguu uliolowekwa, tukampaka utomvu wa mshubiri. Kuna aliyetushauri ndimu na chumvi, na mpaka leo sijamsamehe, maana mama alilia mpaka sauti ikakauka. Kila dawa ilituliza mwasho siku mbili tatu, halafu magamba yakarudi na ndugu zake.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kutembea. Shangazi alikuwa mtu wa kanisa sana, lakini ulimi wake ulikuwa upupu mtupu. Alikalia kiti chetu kizuri, akamwambia baba mbele ya mama, mbele yetu sote:

"Mvua ikianza na huyu mwanamuke akingali vile, arudie kwabo. Batoto ni ba kwetu. Unangoja nini? Mupaka ibashike na bao?"

Baba aliangalia viatu vyake. Nilimpenda baba yangu, na bado nampenda, lakini siku ile aliangalia viatu vyake. Mawingu ya kwanza yalikuwa tayari yanapita juu ya mashimo ya migodi, na mimi nikaanza kuyachukia.

Mama yake mama tulimwita Kambo, kama tunavyowaita mabibi zetu huku Katanga. Alizaliwa upande wa Mutoshi, na aliijua milima ya huko kabla migodi haijaipasua. Kwake ule haukuwa ugonjwa wa ngozi. Baba alikuwa mchimbaji, na Kambo alisema amefungua tumbo la mlima bila kuongea kwanza na mwenye mlima, ndiyo maana mlima ukamwekea mkewe magamba. Dawa ilikuwa ua dogo la zambarau, linaloota pale tu ambapo mukuba, yaani shaba, uko karibu chini ya udongo, mahali ambapo miti inakataa kuota. Lilitakiwa kuchumwa na mtoto wa tumbo la mgonjwa, saa sita mchana, kivuli kikiwa kimeingia chini ya miguu.

Mimi na Kambo tulitembea kwa karibu saa mbili. Kwenye miti ya mwisho Kambo akakaa chini, akaupa mlima mgongo.

"Batakuita," aliniambia.

"Banani, Kambo?"

"Mi sijui. Batakuita na sauti ya mutu mwenye unapenda. Usigeuke. Usiitike. Ukiitika, ile magonjwa itatoka kwa mama yako, itakuwa yako."

Nikapanda peke yangu. Juu palikuwa uwazi mtupu, mawe yenye ukungu wa kijani, na yale maua yaliyonifika magotini. Tangu asubuhi tulikuwa tukisikia malori barabarani. Pale juu sikuyasikia. Sikusikia ndege wala nzige, na jua lilisimama utosini kama limesahau njia yake. Nilichuma haraka. Mikono ilianza kunuka chuma.

"Ngalula."

Ilikuwa sauti ya mama. Hakupaza. Aliniita kama anavyoniita akiwa chumba cha ndani nami niko uani. Nikaendelea kuchuma.

"Ngalula, rudia."

Miguu ikataka kurudi, nikauma mdomo. Nikafikiria shangazi, nikafikiria mama akibeba mzigo wake, nikachuma.

"Ngalula, mwana wangu, rudia!"

Sasa alikuwa analia. Hebu niambie, mtoto gani angenyamaza?

"Mama!" niliitika, na nikageuka.

Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mawe na joto linalotetemeka juu yake, na mbali kule chini mgongo wa Kambo ambao haukuwa umesogea. Niliteremka mbio, maua yamenijaa kifuani.

"Balikuita?" Kambo aliuliza.

"Hapana."

Aliniangalia usoni, kisha akapokea maua. Mengine aliyachemsha ya kuogea, mengine akayatwanga na mawese. Alimpaka mama asubuhi na jioni, na baada ya wiki chache magamba yakaanza kuanguka bila kurudi, yakiacha ngozi iliyopauka lakini laini. Mvua ilipoanza, mama alikwenda bombani na blauzi ya mikono mifupi. Shangazi alikuja, akakagua viwiko vyake kama mtu anayechagua nguo za mitumba, akasema ni maombi yake yamejibiwa. Mama akabaki nyumbani kwake.

Mimi nilikagua vya kwangu kila asubuhi, kwa siri, miaka na miaka. Hakukuwa na kitu. Mwishowe nikaacha.

Kitu chenyewe kilikuja nilipomzaa mtoto wangu wa kwanza. Kilianza kiwiko cha kushoto, pale pale kilipoanzia cha mama. Daktari wa Lubumbashi, binti mdogo kuliko mimi, alikiita soriasisi. Alisema hakiambukizi; kinatembea katika damu ya ukoo, kinaweza kulala miaka kisha kikaamshwa na uzazi au mawazo, na kinaweza kupoa chenyewe. Akanipa malhamu, akanikataza ndimu. Niliyaamini maneno yake yote, na bado nilitoka pale nikiifikiria ile sauti ya mlimani.

Nilikwenda Musonoi kumwonyesha mama. Alikuwa anatwanga sombe, yaani kisamvu. Aliangalia kiwiko changu, akaweka mchi chini, akakaa.

"Ngalula, ile siku ya mulima, ni mimi njo nilikuitaka."

Nikakaa karibu naye.

"Kambo aliniambiaka nikae mu nyumba na mayi ya kunywa mu kinywa mupaka murudie. Akaniambia na ile ya kuitika. Nilikaa. Kisha nikawaza hii mikono yako. Nikatema mayi, nikakuita mara tatu. Nilisahau ile ya kuitika, nilitaka tu urudie bila dawa. Banifukuze tu, lakini wewe ubakie muzima." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ulinisikia?"

Kutoka mlango ule hadi mlimani ni saa mbili za miguu. 

"Hapana, mama," nilisema. "Sikusikia kitu."

Akashika tena mchi wake, akatwanga.

Ngozi yangu nimemwachia daktari, naye anaitunza vizuri. Kuhusu sauti, sina wa kumuuliza. Kambo ametangulia, na mama sitamwambia kamwe. Nimeishi na hofu kwamba kitu kibaya kiliniita pale juu, kumbe alikuwa mtu aliyekubali kupoteza nyumba yake ili mimi nibaki mzima. Nikisimama tena pale saa sita na nikaisikia sauti ile, najua nitaitika.